Dakika za lala salama huanzia jikoni

Mei 19, 2018, Simba ilikuwa na kila kitu. Ubingwa wa Ligi Kuu ilishauchukua, haikuwa imepoteza mechi hata moja ya ligi msimu ule, na Rais John Magufuli alikuwa Uwanja wa Taifa kuikabidhi kombe. Kitumbua cha Msimbazi kikaingia mchanga. Mchezo ukielekea ukingoni, Edward Christopher akaifungia Kagera Sugar bao pekee, na rekodi ya kutofungwa ikaishia pale pale mbele ya mheshimiwa.

Kwa shabiki wa Bukoba bao lile halichuji. Lakini lina somo moja ambalo halizungumzwi sana vijiweni. Dakika za lala salama si za ufundi peke yake. Ni dakika ambazo miguu inamuuliza mwenye nayo: jana ulikula nini, asubuhi ulikunywa maji kiasi gani, ulilala saa ngapi? Wapo wanaojibu kwa kukimbia, na wapo wanaojibu kwa kushika kiuno.

Kagera Sugar iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, mkoa ulibaki na maumivu na maneno mengi. Kocha, usajili, fedha, waamuzi, bahati mbaya. Kila kijiwe kilikuwa na mshtakiwa wake. Hayo yote yana nafasi yake. Ila kuna mshtakiwa mmoja ambaye hapandishwi kizimbani, naye anaishi karibu kila nyumba kuanzia Kashai mjini Bukoba hadi Nshamba kule Muleba. Ni mazoea ya kula ovyo: kula bila kujua unakula nini, saa ngapi na kwa sababu gani.

Soka la Kagera halitapanda kwa usajili peke yake kama sahani ya mchezaji, na hata ya shabiki, imeachwa ijiendee yenyewe.

KIBANJA KIMEJAA, SAHANI HAIJAKAMILIKA

Mtu akitoka Bukoba kwa basi kwenda Muleba, akapita Kemondo na Muhutwe, anaona migomba kulia na kushoto. Kibanja kimezunguka nyumba, mibuni imejificha chini ya migomba, maharage yamepandwa katikati. Upande wa ziwa kuna sato, sangara na dagaa. Msimu wa senene ukifika, hasa Novemba na Desemba, usiku taa kali zinawashwa, mabati yanasimamishwa, na wadudu wanadondoka kwenye mapipa kama mvua. Ni mikoa michache Tanzania inayoweza kujisifia meza ya namna hiyo.

Sasa njoo kwenye takwimu. Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 uliikuta Tanzania ikiwa na asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa. Kagera, pamoja na migomba yake yote, ilikuwa juu ya wastani huo. Takriban mtoto mmoja kati ya watatu. Mkoa wa nshomile, mkoa unaopenda kusema umesoma, unafeli somo ambalo vitabu vyake vimeota nyuma ya nyumba.

Sababu haifichiki. Ndizi inashibisha, na inashibisha vizuri. Ina wanga wa kutosha na madini ya potasiamu ambayo misuli inayahitaji. Lakini protini yake ni ndogo mno. Mtoto anayelishwa ndizi na chumvi asubuhi, mchana na jioni anaonekana ameshiba, tumbo limejaa, na mwili wake bado unadai. Ebitoke vilivyopikwa na maharage, vikapata dagaa na mboga za majani, ni mlo. Ebitoke peke yake ni nusu ya mlo.

Zamani nusu ya pili ilikuwa inapatikana bila kutafutwa sana. Siku hizi maharage yanauzwa, samaki anauzwa, maziwa yanauzwa, na kinachobaki nyumbani ni ndizi. Sangara wa Ziwa Victoria anasafiri kwenda viwandani na minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya, wakati kijana wa kijiji kilicho jirani na mwalo anakula ndizi kwa mchuzi wa nyanya. Na hata ndizi zenyewe hazina uhakika uliokuwepo. Mnyauko wa migomba ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 uliwaachia watu vibanja vilivyonyauka, na Muleba ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kuonja machungu hayo.

Hili linahusu nini kurasa za michezo? Linahusu sana. Udumavu unajengwa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi mtoto anapofikisha miaka miwili. Unagusa urefu, misuli na hata ubongo, na mwili haurudishi kirahisi kilichopotea. Maana yake ni kwamba mwalimu wa michezo anayechagua timu ya UMITASHUMTA leo anapokea matokeo ya jikoni ya miaka kumi iliyopita. Beki mrefu, kiungo mwenye mapafu, mshambuliaji anayeshinda mpira wa juu: wote hao walianza kutengenezwa kabla hawajajua mpira ni nini.

DOGO WA NDONDO NA SODA YA SAA TISA

Chukua siku ya kawaida ya kijana anayecheza ndondo, iwe Kamachumu, Izigo au pembeni ya mji wa Bukoba. Asubuhi chai ya rangi na kipande cha muhogo, au chai kavu. Mchana yupo kwenye bodaboda, kibarua au shuleni; chakula hakuna. Saa tisa, mechi ikiwa saa kumi, anashtuka kwamba hajala. Anakunywa soda na maandazi mawili fasta, anavaa jezi, anaingia.

Dakika 20 za kwanza anawaka. Sukari ya soda imempandisha. Kufika dakika ya 60 misuli ya ndama inakaza, pumzi inakata, pasi ya mita tano inakuwa mtihani. Jukwaani maneno yanaanza: dogo hana stamina, dogo analewa sana, dogo kachezewa. Mganga anatajwa kabla ya mpishi. Kumbe dogo hana njumu za kichawi wala jini mahaba. Ana njaa tu.

Mwili wa mchezaji unafanya kazi kama tochi ya betri: chaji iliyowekwa mchana ndiyo inayotumika jioni. Wanga unaoliwa saa tatu au nne kabla ya mechi unahifadhiwa kwenye misuli na ini, na huo ndio unaokimbizwa uwanjani. Mlo wenyewe si wa hotelini. Kwa mechi ya saa kumi, sahani ya ndizi zilizoiva vizuri jikoni, maharage kiasi na mboga, ikiliwa saa sita hivi mchana, inatosha. Kama njaa inabisha hodi saa moja kabla ya mechi, ndizi mbivu mbili zinafaa kuliko soda. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu asubuhi, yasisubiriwe mapumziko ndipo chupa moja igombewe na wachezaji kumi na mmoja.

Baada ya filimbi ya mwisho ndipo mkoa huu ungeweza kuwazidi wengi. Misuli iliyochoka inahitaji protini ili ijijenge upya, na protini hiyo ipo sokoni: dagaa, mayai, maharage, karanga na, msimu ukiwepo, senene. Watu wengine duniani wanafungua viwanda leo kutengeneza chakula cha wadudu na kukiita chakula cha kesho. Mhaya kashakula cha kesho tangu enzi za babu zake. Lakini baada ya mechi nyingi za mtaani kinachotangulia ni rubisi au konyagi. Pombe inakausha mwili ambao tayari umetoka jasho, inaharibu usingizi, na inachelewesha misuli kupona. Kijana anashinda mechi ya Jumapili na kuipoteza ya Jumatano palepale kilabuni.

KISINGIZIO CHA UMASKINI

Ukiligusa suala hili, jibu la haraka ni kwamba kula vizuri ni mambo ya Wazungu na matajiri. Klabu kubwa zina wataalamu wa lishe, huku hata mpira ni wa kuchangishana.

Ni kweli klabu kubwa zina wataalamu. Arsene Wenger alipofika Arsenal mwaka 1996 akitokea Japan, aliwakuta wachezaji wa Kiingereza waliozoea chokoleti, nyama za mafuta na bia. Akaondoa chokoleti, akaleta samaki, kuku, mboga na maji, na akawataka watafune taratibu. Walinung'unika. Mwaka 1998 wakachukua ligi na Kombe la FA kwa mpigo. Tazama alichokifanya: hakununua chakula cha ajabu. Samaki wa kuchemsha na mboga ni chakula cha mwanakijiji wa Muleba kabla hajaanza kukionea aibu.

Na kama Wenger ni wa mbali, Eliud Kipchoge ni jirani. Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, alikimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kitu ambacho binadamu hakuwa amewahi kukifanya. Kambi yake ya Kaptagat, Kenya, haijulikani kwa mapochopocho. Inajulikana kwa ugali, mboga za majani, maharage, nyama kiasi, chai ya maziwa, na kulala mapema. Siri ya kambi ile ni utaratibu: kula kwa wakati, kula cha kutosha, kuacha kabla ya kuvimbiwa, kesho kurudia. Utaratibu hauuzwi dukani, kwa hiyo hauna bei ya kumshinda mtu.

Umaskini upo na hakuna haja ya kuuficha. Zipo nyumba ambazo mlo wa pili ni bahati, na kumwambia mtu wa nyumba hiyo achague protini ni kumdhihaki. Lakini nyumba nyingi hazipo hapo. Nyumba nyingi zina maharage yanayouzwa yote hadi ya mwisho, zina kuku anayesubiri mgeni, zina mayai yanayokwenda sokoni kununua soda. Huko kinachokosekana ni mazoea, na mazoea yanaweza kubadilika.

SHABIKI NAYE ANACHEZA

Shabiki anaweza kudhani kesi hii ni ya wachezaji. Hapana. Yeye ndiye anayekula vibaya zaidi, na hana hata dakika 90 za kukimbia ili azitoe.

Usiku wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, mechi kubwa zinaanza saa nne au saa tano kwa saa za huku, kutegemea majira ya kule. Kibandaumiza kimejaa. Jamaa alitoka kazini bila kula vizuri, akapita moja kwa moja. Nje kuna chipsi mayai, mishikaki na soda. Anabeba sahani, anakaa, macho kwenye skrini. Mkono unakwenda mdomoni wenyewe. Mshambuliaji akikosa, anatafuna kwa hasira. Akifunga, anatafuna kwa furaha. Sahani inaisha na akiulizwa chipsi zilikuwaje, hana jibu. Anaagiza nyingine.

Tafiti za lishe zimeonyesha mara nyingi kwamba mtu anayekula huku akitazama skrini anakula zaidi, na hata baadaye siku hiyo anakula zaidi kwa sababu akili haikusajili kwamba ameshakula. Taarifa ya shibe inachukua kama dakika 20 kutoka tumboni kufika kichwani. Anayefakamia anamaliza sahani kabla taarifa haijafika, sawa na mwamuzi anayepuliza filimbi ya mwisho kabla ya VAR kumaliza kutazama.

Soda moja ya chupa ya mililita 350 inakaribia vijiko tisa vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana aishie kwenye 25. Chupa moja tu ya kipindi cha kwanza inalivuka lile lengo la chini. Ongeza chumvi ya chipsi, mafuta yaliyokaangiwa tangu mchana, usingizi wa saa saba usiku, kisha rudia mara tatu kwa wiki kwa misimu kumi. Kisukari na presha havishangilii timu yoyote. Vinaingia Simba, vinaingia Yanga, na havina dirisha la usajili.

Wazee wa Kihaya walikuwa na dawa ya jambo hili bila kuliita lishe. Chakula kiliwekwa kwenye majani ya mgomba, watu wakanawa, wakaketi, wakala pamoja. Hakuna aliyekula amesimama wala akitembea njiani, ilikuwa aibu. Mzee aliangalia nani anakula haraka na nani hajala. Kahawa ya kutafuna ilikuwa heshima ya mgeni, punje chache mkononi, mazungumzo yakiendelea. Yote hayo yalimlazimisha mtu aone anachokula. Ndicho kitu kilekile ambacho leo wataalamu wanakifundisha upya: kaa chini, punguza mwendo, tafuna, sikiliza tumbo linasema nini.

Hakuna anayemtaka shabiki aache mpira. Anayejua mechi ni saa tano usiku ale chakula chake cha jioni saa moja au saa mbili, nyumbani, akiwa ameketi. Kibandani aende na shibe yake. Akitaka cha kutafuna, karanga au senene kiganja kimoja vinatosha, na maji pembeni. Akishindwa kabisa, basi ale wakati wa mapumziko, dakika 15 ambazo hakuna mpira wa kumwibia akili. Kahawa na chai ya rangi zisiandamane na mlo, kwa sababu zinauzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Zisubiri saa moja hivi.

MKEKA NA MBOGA

Kuna jambo gumu kidogo kulisema mbele ya mashabiki, lakini lazima lisemwe. Hela ya mboga inaliwa na mikeka.

Kijana anaweka elfu moja leo, elfu mbili kesho, timu sita kwenye mkeka mmoja. Ya sita inachana. Elfu mbili ile ilikuwa dagaa wa jioni na maharage ya kesho. Aliyecheza ni baba, lakini anayelipa ni mtoto ambaye sahani yake imerudi kuwa ndizi na chumvi. Mama ndiye anayejua hesabu hii vizuri kuliko wote, maana ndiye anayesimama jikoni na sufuria isiyo na cha kuongezea, na mara nyingi ndiye anayekula wa mwisho, tena kilichobaki. Mama mjamzito anayekula kilichobaki ndiye anayebeba kiungo wa Kagera wa miaka ishirini ijayo. Siku 1,000 zile zinaanza na sahani yake.

Shabiki anayelalamika kwamba mkoa hautoi vipaji tena angeanza kwa kujiuliza mkeka wake wa wiki hii umekula mlo wa nani.

WENYE VIKOMBE WAANZE

Mabadiliko hayahitaji kusubiri bajeti ya wizara. Mashindano ya vijijini yana desturi nzuri ya kutoa mbuzi au ng'ombe kwa bingwa. Furaha ni kubwa, nyama inaliwa usiku mmoja. Tatizo ni kwamba mbuzi anakuja baada ya fainali, na njaa ilikuwepo tangu hatua ya makundi. Mdhamini mwenye nia njema angepunguza ukubwa wa mbuzi, akaweka ndoo mbili za maji safi kila mechi na sufuria ya maharage na ndizi mchana wa siku ya mchezo. Kiwango cha mechi kingepanda kabla hata kocha hajasema neno.

Shule nazo zina nafasi. Mzazi anayekataa kuchangia mahindi na maharage ya chakula cha mchana, kisha anakwenda kushangilia mwanawe UMISSETA, anashangilia gari ambalo amekataa kulitia mafuta. Na klabu zinazolea vijana Bukoba na Muleba, hata zile zisizo na ofisi, zinaweza kuwa na daftari moja la kocha lenye maswali matatu kabla ya mazoezi: umekula nini, umekunywa maji, umelala saa ngapi. Mtoto akiulizwa kila siku, ataanza kujiuliza mwenyewe. Akianza kujiuliza mwenyewe, ameshapata kitu kitakachomfaa hata asipofika Ligi Kuu.

Wengi hawatafika. Kati ya vijana mia wanaofukuzia mpira jioni pembezoni mwa ziwa, huenda asitoke hata mmoja wa kucheza Kaitaba mbele ya umati. Waliobaki wote watakuwa baba, mama, mafundi, wavuvi, walimu na mashabiki wenye miili ya kuitunza kwa miaka 50 zaidi. Timu inaweza kupanda na kushuka daraja. Mwili haupandishwi daraja na mtu mwingine, na kila mlo ni mechi ya nyumbani.